Mtani Aliyetoka Kwenye Matete

Mkitaka kucheka, chekeni sasa ili nimalize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa.

Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa, kule Korogwe. Viboko walikuwa wanamaliza mpunga wa shamba la kijiji, basi mimi na marehemu mume wangu tukatumwa tukapige kambi kwenye kinamasi cha Mto Pangani, tuangalie wanapitia wapi. Kutwa tulikuwa juu ya dungu tukiwatazama wanavyopiga miayo majini, ndege weupe wamewakalia mgongoni. Nilipapenda, nisiseme uongo.

Magharibi tukashuka kupika. Mara akatoka mtu kwenye matete, nguo zinamchuruzika maji. Akasema yeye ni Mnyamwezi, mkata mkonge. Mnajua sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani, basi mume wangu akafurahi kweli. Yule bwana akavuta sufuria yetu ya ugali bila hata kukaribishwa, akala, nasi tukamcheka. Lakini viboko, waliokuwa wakikoroma tangu alasiri, walinyamaza wote.

Alipomaliza akanitazama. "Mtani, huyu mkeo nampenda. Nipe."

Mume wangu akacheka. "Mchukue, mtani. Ni wako."

Utani tu, sivyo? Nani asingejibu hivyo?

Akasema atakuja kunichukua, akaingia kwenye matete. Tukashika kijinga cha moto tukamulika alikopita. Wallahi, hapakuwa na unyayo wa mtu. Zilikuwa nyayo za kiboko, zimeshuka mpaka majini.

Tukahamia huku Chanika, Handeni, mbali na mto. Mume wangu hakumtania mtu tena mpaka anakufa.

Sasa sikilizeni. Kwenye msiba wake watani walikuja, wakafanya vituko vyao kama ilivyo desturi. Mmoja akasimama mlangoni nilipokaa na wanawake. Nguo zilikuwa zinamchuruzika, na mvua yenyewe tulikuwa hatujaiona. Hakuwa amezeeka hata kidogo.

"Nimekuja kumchukua mke wangu niliyepewa."

Mawifi zangu wakaangua kicheko, wakamwambia mchukue, mtani, mchukue. Mimi nikamwambia tu, "Subiri nitoke eda."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Eda yangu inaisha Ijumaa. Naogopa, wanangu. Ninyi mkikutana na mtani msiyemjua kwao, mpeni ugali, mpeni na mboga, lakini mtu msimpe hata kwa mzaha. Na Ijumaa jioni, nawaomba, mje mlale hapa kwangu.