Beseni la Maji Ng'ambo ya Ruvuma

Mpaka leo nikisikia maji yanamwagwa ovyo, shingo yangu hugeuka yenyewe. Jirani yangu hapa mjini huosha gari lake kila Jumapili kwa mpira, maji yanatiririka hadi barabarani, nami husimama dirishani na kikombe changu cha chai nikimkodolea macho kama mtu aliyemwona mwizi. Mume wangu hucheka, huniambia nimwache mtu na gari lake. Yeye amezaliwa Mwanza, kando ya ziwa, atajulia wapi? Lakini ninyi mnaonisoma, kama mmewahi kuishi Newala hata mwezi mmoja, mtanielewa.

Newala sisi tulikuwa juu na maji yalikuwa chini. Mabomba yalikuwapo, ila yalikohoa zaidi ya kutoa maji, na mvua ilipoisha visima vya nyumbani tulivyovunia maji ya mapaa vilibaki na tope. Kwetu maji yaliyosafisha mboga ndiyo yaliyoosha vyombo, na yaliyoosha vyombo yakaenda kwenye mpapai. Mtoto alioga kopo moja. Lilianza usoni likaishia miguuni, na ukilimalizia mgongoni shauri yako. Beseni zima limejaa kwa ajili ya mtu mmoja nililiona mara mbili tu: asubuhi ile dada yangu Esha alipotolewa unyagoni, na siku babu yangu alipofariki. Kwa hiyo kichwani mwangu beseni lililojaa lilikuwa na maana mbili, na zote mbili sikuzitaka.

Kutoka ukingoni mwa mji, pale ardhi inapokatika na kushuka ghafla, uliiona nchi nyingine. Msumbiji ilikuwa imelala kule chini, ng'ambo ya mto Ruvuma, vilima vya buluu na moshi mwembamba wa mashamba. Tuliiona kila siku na hakuna aliyekwenda. Watu walitoka huko wakikimbia vita, halafu vikaja vita vingine, na sisi watoto tuliambiwa ardhi ya kule imetegwa mabomu hata kwenye njia ya chooni. Mimi niliamini kabisa kwamba watu wa kule hutembea kwa kurukaruka.

Bibi yangu mzaa mama alitoka huko. Aliitwa Rosa, na majirani wote wakamwita Bibi Loza. Alivuka mto akiwa msichana, Mama yangu akiwa mgongoni, na usoni alikuwa na chale za kwao, mistari iliyopandana kutoka mashavuni hadi kwenye paji. Alianika muhogo wake kule kule ukingoni kwenye upepo mzuri, lakini siku zote aliupa mgongo ule upande wa Msumbiji. Sikuwahi kumwona akitazama huko hata kwa bahati mbaya.

Halafu vita vya kule vikaisha, na huku kwetu ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu ruksa kufanya biashara. Duka la ushirika, lililozoea kuuza sabuni ya aina moja tena kwa kujuana, likafungwa mlango, na watu wakaanza kuuza kila kitu barazani. Njomba Bakari, mdogo wake Mama, aliacha kupalilia mikorosho akawa mfanyabiashara. Alivusha Ruvuma sabuni na betri, akarudi na samaki. Siku moja alirudi na maneno badala ya samaki. Alijifungia chumbani na Bibi na Mama, wakaongea Kimakonde kwa sauti ya chini, na Mama akatoka macho mekundu. Kuanzia siku ile machale yakanicheza.

Kwanza, Bibi alinichukua tukaenda sokoni Masasi. Tulipanda lori la mizigo, tukashuka pale kwenye vilima vya mawe, tukaingia kwenye mitumba. Nilikuwa sijaona nguo nyingi namna ile zimemwagwa chini, zina harufu ya dawa na ya masanduku ya watu wengine. Bibi alinunua sufuria, jembe, mkeka, vitenge na blanketi. Mtu anayekwenda kusalimia ndugu hanunui jembe.

"Bibi, hivi vyote vya nani?" nikamuuliza.

"Vya kwenda navyo."

"Vitarudi?"

Akamgeukia muuza blanketi. "Ntoto huyu anauliza kama polisi," akasema, wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka.

Pili, Njomba Bakari akaninunulia soda. Nyie hamkumjua Njomba Bakari. Mkono wa birika yule, hata ganda la muwa hakupi. Soda nzima, tena ya rangi ya chungwa, akanishikia na mfuko wangu wa madaftari nilipokuwa nakunywa! Nilikunywa, ndiyo, lakini kila funda nilijiuliza linalipia nini.

Tatu, na hili ndilo lililoniondolea usingizi, nilimsikia Mama akimwambia Bibi jikoni, "Kama lazima uende, basi nenda na huyu." Huyu alikuwa mimi. Bibi akazisogeza kuni motoni, kisha akasema, "Haya, Mama Esha. Nitakwenda naye."

Hapo nikamaliza hesabu zangu zote. Nilikuwa darasa la tatu, umri wa kuingizwa unyagoni ulikuwa umenifikia, na wasichana waliotoka unyagoni hawakukaa sana bila kuposwa. Nilikuwa napelekwa Msumbiji, nikafundwe huko na kuozwa huko huko. Jembe lilikuwa langu, na sufuria pia. Asubuhi tuliyoondoka Mama alinikumbatia akaninong'oneza, "Usimwache Bibi yako. Popote anapokwenda, mfuate." Nikaona hata Mama ananionea huruma, ila ameshindwa kunitetea.

Basi nilimfuata Bibi, nikamganda kama kupe. Tuliteremka kwa miguu kutoka juu hadi bondeni, joto likizidi kadiri tulivyoshuka. Njomba alitangulia na baiskeli iliyobeba mizigo, akiishika breki muda wote. Mimi nilishika pindo la kitenge cha Bibi. Alipokwenda kujisaidia vichakani nilikwenda naye, akanifukuza, nikasimama nyuma ya mti ninakoweza kuyaona mabega yake.

Ruvuma kiangazi ni mchanga mwingi kuliko maji. Mikono midogo ya mto tuliivuka kwa miguu, na ule mkondo wenyewe tukauvuka kwa mtumbwi wa gogo, mwenye mtumbwi akitukataza kuning'iniza vidole kwa sababu ya mamba. Tulipokanyaga ng'ambo nilingoja Bibi atangulie, nikaweka mguu wangu palepale alipoweka wake, nyayo kwa nyayo. Hakuna kilicholipuka. Watu wa kule walitembea kama sisi, na hilo nalo likanitia shaka.

Kijiji chao kilikuwa karibu na mto. Nyumba zilikuwa mpya, miti yake bado inanuka utomvu, kwa kuwa watu ndio kwanza walikuwa wanarudi kutoka walikokimbilia. Waliongea Kimakonde kinachofanana na chetu, lakini katikati wanadumbukiza maneno ya Kireno, na pesa zao zilikuwa na picha za watu nisiowajua. Kaka yake Bibi, Mzee Visenti, alikuwa amekaa kwenye kigoda anasuka mtego wa samaki. Alimwangalia Bibi usoni, akazifuata zile chale kwa macho kama anayesoma. Mtego ukamdondoka. Hawakukumbatiana. Bibi alikaa chini kwenye vumbi, kaka yake akakaa chini naye, na akaanza kumtajia waliokufa, jina kwa jina, na kwa kila jina Bibi alilia upya. Mimi niliulalia mzigo wetu ili asiufungue mtu.

Walipomaliza, mke wa Mzee Visenti akamwaga unga mweupe chini, kifungu kidogo mbele ya nyumba, wakainama wote. Mzee Visenti akazungumza na wazee wao waliotangulia, akawaambia Rosa yupo. Kisha yule mama akanijia mimi, amenyoosha mkono, anatabasamu. Akanipeleka nyuma ya nyumba penye ugo.

Palikuwa na beseni la maji, limejaa mpaka mdomoni.

Mnafikiri nilifanyaje? Nilishika nguzo ya ugo kwa mikono na miguu. "Sitaki! Mimi bado! Sijafikia!" Yule mama akanivuta taratibu, ugo ukaanza kung'oka, wanawake wengine wakaja mbio. Nikapiga kelele za kumwita Mama, na Esha, na mwalimu wangu wa darasa la tatu. Bibi alipofika akaniangalia mimi, akaliangalia beseni, akaelewa. Alicheka hadi akakaa. Nilikuwa nimeishi naye maisha yangu yote, na sikujua kwamba Bibi anaweza kucheka akiwa ameachama.

"Huku maji yapo tu, ntoto," akasema. "Ni ya kuondoa vumbi. Oga."

Akachota kata nzima akanimwagia kichwani, halafu nyingine, na nyingine. Kisha akavua kitenge akajimwagia mwenyewe, anachota na kumwaga, anachota na kumwaga, maji yanakwenda zake mchangani na wala hayatazami. Nilikasirika sana. Nilitazama yale maji yakipotea nikafikiria mpapai wetu. Lakini Bibi alikuwa amefumba macho, uso ameuinua juu, na sikuthubutu kumwambia kitu.

Siku zilizofuata nililegeza kamba kidogo. Nilikula samaki wa mtoni waliovuliwa siku ile ile, wananuka tope lakini watamu. Nilicheza na wajukuu wa Mzee Visenti, wakanifundisha kuhesabu kwa Kireno, nikawafundisha nyimbo za shule. Hakuna aliyenitajia unyago wala mume. Hata hivyo nilikuwa macho. Kila Bibi alipokwenda, mguu wangu ulikuwa nyuma yake: mtoni, shambani, kwenye makaburi ambako alisimama mbele ya majani tu kwa sababu alama zote zilikuwa zimeungua. Jembe jipya niliona limeanza kazi. Alipalilia kiwanja kidogo nyuma ya nyumba ya kaka yake, na watu wawili walikuja kumchimbia mashimo ya nguzo. Niliyaona hayo yote kwa macho yangu mwenyewe. Nilifikiri anasaidia.

Asubuhi moja Njomba Bakari akaniambia tunaondoka. Hamjui furaha niliyoipata. Nilikimbia nikawa wa kwanza mtoni, nikaingia mtumbwini nikashika kingo kwa mikono miwili, atakayenitoa anitoe na gogo lenyewe. Njomba akapakia samaki wake. Bibi akaja ukingoni, hana kitu mkononi. Nikamwambia mwenye mtumbwi asubiri, Bibi yangu bado hajapanda. Mwenye mtumbwi akamtazama Njomba, Njomba akatazama samaki, na mtumbwi ukasogea.

"Bibi, panda! Tunakuacha!"

Alikuwa ameingia majini hadi vifundoni. "Mwambie mama yako nimefika salama," akasema.

"Bibi!"

"Mwambie nimefika."

Nilipanda ule mlima wa Newala nikimuuliza Njomba maswali, na yeye akinijibu kwa soda alizoahidi kuninunulia. Nilikasirika kidogo, sitawadanganya, lakini chini ya hasira ile palikuwa na furaha nzito. Sikuachwa. Nilikuwa nimelinda mlango kwa safari nzima, na nilikuwa narudi nyumbani na miguu yangu miwili.

Mama alituona kutoka mbali akaja njiani. Alinishika bega, lakini hakunitazama mimi. Aliangalia nyuma yangu, njia tupu, akamwangalia Njomba, kisha tena njia.

"Bibi amesema amefika salama," nikatoa ujumbe wangu, kwa sauti ya mtoto anayejua amefanya kazi vizuri.

"Amefika wapi?" Mama akauliza. "Kwake si hapa?"

Njomba akaanza kufungua mzigo wake wa samaki. Tukaingia ndani, akanipakulia chakula.

Imenichukua miaka mingi kuielewa safari ile. Mama hakunitoa kwa mtu yeyote. Alinipeleka niwe kamba, kwa sababu aliamini Bibi hataweza kumtupa mjukuu ugenini, atalazimika kunirudisha mwenyewe. Na Bibi alikubali kwenda na mimi kwa kuwa bila hivyo asingepewa njia, halafu akaweka mapatano yake na Njomba. Walikuwa wakiviziana, mama na mwanawe, na katikati yao nilikuwa mimi, nawashuku wote kwa kosa lisilo lao. Simlaumu Bibi. Babu alikuwa amekufa, vita vimekwisha, na mwanamke yule alikuwa ameishi miaka yote hiyo kwa watu akiwa ameupa mgongo mto wake. Lakini mimi safari nzima niliogopa kuachwa na mama yangu, na aliyeachwa na mama yake alikuwa Mama. Alivuka Ruvuma mgongoni mwa yule mwanamke, hakuwa na kwao kwingine zaidi ya pale alipo Bibi Loza, na mimi nilikuja kumwambia habari ile huku nikitabasamu.

Nilikula nikashiba siku ile, nikatoka kwenda kuwatambia wenzangu kwamba nimefika nchi ya watu. Nilikuwa nimefika kwenye mikorosho niliposikia sauti ya Mama kutoka jikoni. "Mama! Mama yangu!" Nikasimama kidogo nikasikiliza. Nikafikiri ameungua na sufuria, nikaendelea na njia yangu.