Giaboksi Niliyoishusha Bure

Gari la mashindano la Bi Zuhura liliachwa gerejini kwangu, Bondeni, nikague klachi tu; mbio zilikuwa kesho yake. Nikavua kandambili kwa haraka mlangoni pa gari nisilichafue, nikaingia. Nikikanyaga klachi, pedali yaishia katikati. Nikitia gia, zasagana. Hasira za mama yule nazijua. Nikashusha giaboksi nzima. Klachi haina hata mkwaruzo! Na kandambili moja siioni. Nikamlaani mwizi asiyemcha Mungu.

Bi Zuhura akafika, akavitazama vyuma vyake sakafuni. Akainama ndani ya gari, akapapasa chini ya pedali, akaichomoa kandambili yangu.

“Fundi,” akauliza taratibu, “spea hii waivaa mguu gani?”