Sanduku la Chai Lililopiga Ngoma

Ndugu msomaji, utanisamehe. Shule yangu iliishia darasa la saba, mwandiko wangu umelala upande mmoja, na huenda herufi nyingine nimezikosea. Naandika polepole, lakini jambo lenyewe nalikumbuka vizuri.

Juzi nilikwenda Kharumwa kununua chumvi. Duka moja lilikuwa limetoa spika nje, muziki unapiga mpaka kifua kinatikisika. Wenzangu walipita. Mimi nilisimama pale na chumvi yangu, nikamkumbuka bibi.

Nilikuwa darasa la sita, tukiishi upande wa Kishapu kwenye pamba na mtama. Ujanani bibi alikuwa mcheza ngoma anayejulikana, lakini sasa masikio yalikuwa yamemwishia. Kila Jumapili mchana redio ilipiga ngoma za mikoani, nasi tulikaa uani tukila michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga. Bibi alikaa nasi akitazama midomo yetu. Mwishowe akaacha kuja. Akahamishia kigoda chake nyuma ya jiko, akawa anabangua karanga peke yake. Mama alisema tumwache. Mimi nilishindwa.

Nilikuwa nimeona kitu. Watu wakitwanga mtama, bibi aligeuka hata kama amewapa mgongo. Alisikia kwa miguu. Nikawaza kwamba redio yetu ikipata sauti nzito ya kutikisa ardhi, ngoma zitamfikia.

Jirani yetu alikuwa fundi redio. Kwa aibu yangu nilimchotea maji siku tatu kabla ya kusema shida yangu. Akanipa spika pana aliyoing'oa kwenye redio ya mbao iliyokufa, akaniambia nyingine hana. Akanionyesha nyaya mbili za kuunga kwenye redio, akasema spika niifunge kwenye sanduku lisilopitisha hewa.

Nikapata sanduku la majani ya chai. Nikakata tundu kwa kisu, nikafunga spika. Nyufa zilikuwa nyingi, nami kuziba nyufa nilijua namna moja tu, ile ya kihenge cha kuhifadhia mtama, yaani udongo na kinyesi cha ng'ombe. Nikasiriba ndani na nje, nikalainisha kwa kiganja, nikajisifu moyoni. Jumapili ikafika kabla halijakauka. Spika ikakoroma kama mtu mwenye mafua, ikanyamaza.

Nilimrudishia fundi huku machozi yananitoka. Aliinusa kwanza.

"Binti yangu, spika ni karatasi," alisema. "Wewe umeisiriba kama kihenge. Ungetia na mtama kabisa."

"Imekufa?"

"Imelowa. Ianike kivulini, usiiguse. Sanduku liache juani mpaka ukiligonga lilie kama kibuyu."

Akasema pia nijaze pamba ndani ili sauti isigongane. Pamba safi ilikuwa ya kuuza, kwa hiyo mama akanipa fifi, ile yenye madoa. Wiki ile sikucheza. Nilifukuza kuku wasilipande sanduku.

Jumapili niliyaanika mawe ya redio, yaani betri, yapate nguvu, kisha nikabeba vyote hadi nyuma ya jiko. Bibi akauliza kama nimemletea mzinga wa nyuki. Nilimvua kandambili zake za tairi, nikaiweka miguu yake juu ya sanduku, nikawasha.

Aliacha karanga. Mabega yakaanza kucheza, kidogo kidogo. Mama alikuja na mwiko mkononi, akasimama. Bibi akakunja uso.

"Huyu wa ngoma kubwa ana haraka," alisema. "Anawakimbiza wachezaji."

Tukacheka mpaka mama akakaa chini. Bibi akanishika kichwa, akasema, "Wabeja, ng'wanone," yaani asante, mwanangu. Jumapili iliyofuata alikibeba kigoda mwenyewe, akakirudisha uani.

Bibi hayupo tena. Sanduku lililiwa na mchwa, na vihenge vyenyewe siku hizi ni vya kutafuta. Spika ninayo. Karatasi yake bado ina doa la kahawia, na sitaki kulifuta.

Kama nawe uliwahi kutengeneza spika kwa mikono yako, niandikie uniambie uliziba nyufa kwa kitu gani, na nani alikuwa wa kwanza kuisikia. Hata mwandiko wako ukiwa kama wangu, nitausoma.