Petroli Chini ya Boneti

Kuna Jumapili moja ninayoikumbuka kila nikiona mtu amefungua boneti ya gari nyumbani kwake. Mwanangu, nimesikia umenunua gari lako la kwanza, na kwamba limejaa vumbi la barabara ya Ulyankulu mpaka kwenye injini. Nakujua. Utataka kulisafisha mwenyewe, hapo hapo uani. Kabla hujashika brashi, soma haya. Naandika polepole, kwa kuwa shule yangu iliishia darasa la saba, na kwa kuwa jambo lenyewe bado linanitia hofu.

Nilikuwa na miezi minne tu tangu nimwoe mama yako, na nilikuwa kijana mwenye haya kupita kiasi. Nikiulizwa kitu, nilijibu kwa kichwa. Ukweni ndiko nilikozidi. Unaijua desturi yetu: mkwe wa kiume hampi mkono mama mkwe wake, hali naye pamoja, na wakikutana njiani kila mmoja hupisha pembeni. Wenzangu waliiona desturi hiyo kuwa mzigo. Mimi niliipenda, maana ilinipa sababu ya kukaa kimya.

Jumamosi babu yako, yaani baba mkwe wangu, alirudi kutoka Ulyankulu na pikapu yake iliyobeba mahindi. Mimi na mama yako tulikuwa tumekwenda kuwatembelea, kwa sababu kesho yake yeye na bibi yako walikuwa waende Kigwa kwenye kipaimara cha mjukuu wao mkubwa. Alipofungua boneti kuangalia maji, nilichungulia. Injini haikuonekana. Vumbi lilikuwa limelala juu yake kama unga, na katikati ya vumbi kulikuwa na majani makavu na makapi ya mahindi.

"Gari hili litanitia aibu mbele ya watu wa Kigwa," babu yako alisema, kisha akacheka na kwenda kuoga.

Mimi nilichukua maneno yale kwa uzito wote. Nikaona nimepata njia ya kumfurahisha mkwe bila kuongea.

Alfajiri niliamka kabla ya wote. Maji yalikuwa machache, ndoo mbili tu za kupikia na kunawa. Nikakumbuka kwamba shemeji yangu Maganga, kaka wa mama yako, alikuwa fundi kule Kanyenye, na mara nyingi nilimwona akisafisha vyuma kwa petroli na brashi ya rangi. Vilitoka vinang'aa. Sikuwahi kumuuliza kwa nini huvifungua kwanza kutoka kwenye gari, wala kwa nini karai lake huliweka mbali kabisa na betri. Kuuliza kungeniponya. Lakini kuuliza ni kuongea.

Stooni kulikuwa na dumu la petroli ya safari. Nikamimina kwenye kopo, nikaanza kupaka. Vumbi likageuka tope jeusi, likateremka kwenye mashimo na mikunjo nisikoweza kufika. Nikaongeza petroli ili lishuke zaidi. Nilipokuwa nazungusha mkono karibu na betri, ule mkanda wa bati unaoshika manyoya ya brashi uligusa ncha ya betri na chuma cha pembeni kwa pamoja. Tak! Cheche ikaruka, ndogo, nyeupe, karibu na vidole vyangu.

Nikaurudisha mkono upesi. Sijui kwa nini petroli haikuwaka. Labda upande ule nilikuwa sijaupaka bado, labda upepo. Ninachojua ni kwamba badala ya kwenda kumwamsha mtu nikafunga boneti haraka, kama mtoto anayeficha sahani iliyovunjika. Kumbe kwa kufunga nilikuwa nimeifungia harufu yote humo ndani.

Wakati wa chai babu yako alipita karibu na pikapu akakunja pua. "Mbona inanuka mafuta?"

Nikainamia kikombe changu cha chai.

"Ah, gari la zamani," akajijibu mwenyewe, akaendelea kuchovya muhogo wake.

Mwanangu, nimepitia maradhi, nimepotea porini kwenye msimu wa asali, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa nikiwa na kikombe kile mkononi. Ile cheche ilikuwa inajirudia machoni mwangu. Nikajiambia petroli itakuwa imekauka. Nikajiambia babu yako anajua magari kuliko mimi. Nikajiambia nitasema akimaliza chai, kisha nitasema akivaa koti, kisha nitasema akichukua ufunguo. Alimaliza, akavaa, akachukua.

Bibi yako akatoka amevaa kitenge chake cha kanisani. Nikageuka pembeni kumpisha, kama ilivyo desturi. Alipanda mbele, akampakata Nyamizi, yule unayemwita dada, mtoto wa mama yako mkubwa aliyeishi pale nyumbani; alikuwa na miaka miwili. Milango ikafungwa. Vioo vilikuwa juu kwa sababu ya vumbi.

"Baba," nikasema. Sauti yangu hata mimi sikuisikia vizuri.

Babu yako akazungusha ufunguo. Injini ikakoroma, ikakataa. Akaacha, akapumzika kidogo, kama wafanyavyo wenye magari ya zamani kabla ya kujaribu tena.

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka mlango wa bibi yako uko wazi, na mkono wangu umemshika mkono wake, mkono wa mama mkwe wangu, navuta. "Toka, mama! Toka! Baba usiwashe, nimemwaga petroli!" Aliteremka nusu akianguka, Nyamizi analia, kiatu chake kimoja kimebaki ndani. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni, mikono kichwani.

Babu yako alishuka taratibu. "Umemshika mkweo?" aliuliza, kwa sauti ya chini iliyotisha kuliko kelele. Kisha harufu ikamfikia. Akatazama boneti, akatazama ufunguo mkononi mwake, akarudi nyuma hatua moja, halafu nyingine.

Maganga aliitwa, akaja na baiskeli. Aliinua boneti polepole, akaondoka pale mara moja huku akipunga mkono tusogee.

"Shemeji," aliniambia, "hapa ulikuwa unaosha gari au unatega bomu?"

Hakuna aliyecheka. Nilitaka kufungua betri, akanikemea: "Usiguse! Cheche moja tu inatosha." Tuliisukuma pikapu kwa mikono hadi uwanjani, mbali na nyumba na jiko, tukaiacha boneti wazi upepo upite. Jua lilipanda, likaanza kushuka. Kigwa hawakwenda. Mjukuu wao alipakwa mafuta na askofu bila babu wala bibi, na hilo siwezi kulirudisha.

Alasiri, harufu ilipokwisha kabisa, Maganga alifungua betri, akaniita nitazame kila anachofanya. Jioni akairudisha, akawasha injini, akasema, "Haya, angalia hapa." Waya mmoja wa plagi ulikuwa na ufa. Kila injini ilipozunguka, uzi mwembamba wa buluu uliruka kutoka kwenye ule ufa hadi kwenye chuma, pale pale nilipomimina petroli nyingi kuliko pote. Babu yako aliangalia kwa muda mrefu, kisha akaenda kumchukua Nyamizi kwa mama yake, akamshika kifuani mpaka mtoto akachoka na kutaka kushuka.

Mimi nilikaa nyuma ya nyumba nikingoja kuambiwa nirudi kwetu. Bibi yako akaja, akasimama akinipa mgongo, kama desturi inavyotaka, akauambia ukuta.

"Kunishika mkono kumekwisha, sitakusema kwa hilo. Lakini tangu alfajiri ulijua. Tulikunywa chai, tulivaa, tulipanda, na wewe unatutazama. Heshima gani hiyo?"

Alingoja, akaondoka.

Basi, mwanangu, haya ndiyo nikuachiayo. Injini ya gari usiisafishe kwa petroli wala kwa mafuta ya taa, hata ukiwaona mafundi wakiosha vyuma kwa hayo. Liweke gari mahali peupe, liache lipoe mpaka uweze kuweka kiganja juu ya chuma bila kukiondoa. Fungua betri, ukianza na upande wa hasi, na watoto wawe mbali. Vumbi litoe likiwa kavu, kwa brashi laini, pua yako umeifunga kitambaa, na majani makavu yatoe kwa mkono yote, maana hayo nayo huwaka. Funika kwa mifuko ya plastiki altaneta, ile inayochaji betri, boksi la fyuzi na mahali injini inapovutia hewa. Kisha futa kwa kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni, si kwa kumwaga ndoo. Acha pakauke, hesabu vitambaa vyako visibaki ndani, ndipo urudishe betri. Ukiona waya una ufa, usiwashe. Mwite fundi.

Na ukikosea, sema. Sema hapo hapo, mbele ya yeyote, hata kama sauti inatetemeka, hata kama ni mkwe. Usingoje amalize chai.

Mungu akulindie mikono yako na hao utakaowapakia. Akupe moyo wa kuuliza, na kila safari akurudishe nyumbani salama.