Mlango wa Bi Mitali na Hamali Asiyekula Nyama

Kidole gumba cha mguu wa kulia ndicho kilichomwachisha nyama Machano Ubwa. Si dini, wala si mtindo wa vijana wa hoteli za Kendwa wanaokunywa maji ya majani kwa sababu wamewaona wageni wakiyanywa. Ni kidole tu. Kilivimba ghafla, kikawa chekundu kama pilipili mbivu, na mtu mzima wa miaka hamsini na sita akawa analia kwa kuguswa na shuka.

Machano ni hamali wa Mji Mkongwe, Unguja. Kazi hiyo wakati mmoja ilikuwa na heshima yake. Mahamali walipita vichochoroni wakiimba, na aliyekuwa ghorofani alijua kwa wimbo tu kama kinachopita chini ni magunia ya karafuu au kabati la bi harusi. Sasa nyimbo zimezikwa pamoja na waimbaji, vespa ndizo zinazopiga kelele, na nyumba moja baada ya nyingine inageuzwa hoteli. Lakini mizigo mikubwa bado haina njia ila begani kwa watu, na kundi la Machano la watu wanane ndilo lililobaki la kuaminika. Yeye alikuwa mshika kichwa, yaani anayetangulia chini ya mti wa kuchukulia, anayetoa sauti na kuamua pa kukunja.

Daktari Rahila, binti mpole wa kliniki aliyopelekwa, alimwuliza anakula nini.

"Nakula kama watu."

"Watu gani, mzee wangu?"

Machano akataja: supu ya utumbo asubuhi, pweza jioni, mishkaki katikati, maini yakipatikana, na soda mbili za kuteremshia.

"Hilo ni jongo, ugonjwa wa viungo," alisema daktari. "N'takupa dawa, lakini vitu hivyo vipunguze, na maji unywe kwa wingi."

"Mimi kupunguza siwezi, daktari. Nikionja naendelea. Bora niache moja kwa moja, nyama na samaki wote."

"Basi ukiacha, rudi nikwambie cha kuweka mahali pake."

Machano alilisikia neno la mwanzo. La pili lilibaki kule kule kliniki.

Wiki za mwanzo aliendelea kukaa na wenzake kwenye sinia ya pilau. Akivuta kipande cha nyama anakisogeza kwa jirani, kisha anakula wali uliolowa mchuzi wa nyama ile ile, na kumwambia kila anayeuliza kwamba nyama haitii kinywani. Mkewe, Kazija, ndiye aliyemzindua: "Wewe bwana, umemfukuza ng'ombe umebaki unamnywa!" Hapo akaacha kweli. Akawa anakula mkate wa boflo na chai ya rangi asubuhi, muhogo wa kukaanga mchana, mkate na chai tena jioni. Kidole kilitulia. Lakini baada ya miezi mitatu alikuwa hawezi kupandisha godoro ngazi mbili bila kushika ukuta. Kundi likampeleka nyuma kushika kamba, na nafasi ya mbele akapewa Wakil, kijana wa miaka thelathini mwenye shingo kama gogo.

"Si ubaya, ami Machano," alisema Wakil. "Lakini mbuzi anayekula majani hachukui kabati, anafungwa kwenye kabati."

Wenzake walicheka. Machano alicheka pia, ila kwa meno tu.

Aliyemwokoa ni Bi Mitali wa mtaa wa Hurumzi. Huyu ni mjane wa Kihindi, muuza viungo na nafaka kwenye duka lililo chini ya nyumba yake, na Machano alimchukulia magunia kwa miaka thelathini. Siku moja Bi Mitali alimkuta Machano ameketi barazani pake anahema, gunia moja la mchele miguuni.

"Shikamoo, Bi Mitali."

"Marahaba. Machano, mbona umepauka hivi kama chaki?"

"Nshaacha nyama, Bi Mitali. Jongo."

"Vizuri. Na badala yake umeshika nini?"

"Mkate."

Bi Mitali alicheka mpaka akajishika ubavu. "Mimi nina miaka sabini na mbili, nyama sijaitia kinywani. Ningeishi kwa mkate tu, si ningekuwa nishakufa na kuchomwa zamani! Ingia ndani."

Alimwonyesha madebe yake moja moja: dengu, choroko, mbaazi, kunde, njugu mawe, ufuta. Akamwambia kila siku asikose kimojawapo, na mboga ya majani kando, na mtindi. Limau aikamulie juu ya dengu chakula kikiwa tayari, maana inausaidia mwili kupokea kilichomo. Chai asiinywe na chakula, aisubiri saa nzima, kwa sababu inazuia kile kile ambacho limau inakileta. "Na urudi kwa daktari akupime damu," alimaliza. "Mimi ni muuza duka tu."

Alirudi. Daktari Rahila alipima, akakuta damu imepungua, akampa vidonge vya madini na vitamini vya miezi michache, na akasema yule bibi wa dukani amesema kweli tupu.

Kazija alipoletewa vifurushi vya Bi Mitali na maagizo yake, alivifungua akaguna. "Haya ndiyo maajabu? Choroko za nazi, kunde, mchicha, kisamvu? Si ndivyo alivyokulea navyo bibi yako kule Muyuni?"

Ilikuwa kweli, na iliuma. Bibi yule alilima mpaka miaka themanini. Nyama aliiona Idi mbili na harusi, samaki alipokuja alikuja, na siku nyingine zote sufuria ilikuwa na choroko au majani aliyoyachuma mwenyewe nyuma ya nyumba. Watoto wake na wajukuu walipopata senti mbili waliona haya kula choroko mbele ya wageni. Wakavitupa vyakula vile kama vinavyotupwa vitambaa vya msiba, wakafuata chipsi kuku na soda. Leo kliniki zimejaa watu wa miaka arobaini, na majani yale yale yanauzwa hotelini kwenye sahani nyeupe kwa watu waliopanda ndege kuja kuyala.

Miezi minne ilipita. Machano alianza kuamka mwepesi. Kwanza aliiona tofauti kwenye ngazi, kisha kwenye pumzi, kisha siku moja akajikuta amebeba gunia la Bi Mitali huku anapiga mluzi. Lakini kundini alibaki nyuma na kamba yake. Hakuna aliyemwuliza.

Ndipo Bi Mitali akamwita. "Machano!"

"Naam, Bi Mitali!"

"Mlango wangu umekwisha."

Mlango wake mkubwa wa msaji, wenye nakshi za maua na njumu za shaba zilizopigiliwa, ulikuwa kwa fundi wa mtaa wa Malindi mwaka mzima ukitengenezwa. Fundi alisema zile mbao mbili za kufungulia zitachukuliwa peke yazo, lakini fremu iende nzima kama ilivyoungwa. Ikivunjwa, au ikidondoshwa pembe moja tu, viungo vya zamani vitapasuka na nakshi ya juu itakwisha.

"Namtaka wewe mbele," alisema Bi Mitali. "Mume wangu alisema mlango huu aupitishe mtu anayejua kuimba."

Machano alikwenda kuwaambia wenzake, moyo unamdunda kama wa bwana harusi. Wakil alikunja uso.

"Mbele ni mimi, ami. Wewe ukianguka, unatuangusha sote, na mlango wa watu."

Walibishana soko zima la Darajani likisikia. Mwishoni mzee mmoja wa kundi alikata shauri: Machano na Wakil wakae mbele wote wawili, bega kwa bega, Machano atoe sauti. Fremu ikifika salama, kichwa ni cha Machano mpaka mwenyewe aseme basi. Ikigusa chini, aiache kazi, asirudi hata kushika kamba.

"Nimekubali," alisema Machano, kabla mzee hajamaliza.

Siku ya kazi walikusanyika kwanza Hurumzi. Kundi lile lina ada moja isiyovunjwa. Kabla ya mzigo mkubwa mwenye mzigo huwalisha, na wanakula sinia moja. Asiyekula na wenzake haweki bega chini ya mti, kwa sababu mwenye njaa ni hatari, na mwenye kinyongo ni hatari zaidi. Kwa kawaida huwa ni pilau ya mbuzi. Wameketi wamenawa, wamekunja mikono ya kanzu na mashati, ndipo Bi Mitali akaileta sinia.

Wali wa nazi. Dengu nzito za manjano, limau zimekatwa pembeni. Mchicha, mbaazi, chapati, bakuli la mtindi na achari ya ndimu.

Mmoja aliinua chapati akachungulia chini yake.

"Bi Mitali," alisema Wakil kwa adabu nyingi mno, "mbuzi amekimbia?"

"Nyumbani kwangu hajapata kuingia, mwanangu."

"Ami, hii umeiagiza wewe!"

"Wallahi sikuagiza. Lakini nimefurahi."

"Fremu ya watu wanane kwa dengu? Hiki ni chakula cha mgonjwa!"

"Basi usile," alisema Machano, tayari ameshakamulia limau. "Kaa pembeni utuangalie. Ada unaijua."

Wakil alimtazama, akaitazama sinia, akaitazama njia ya kurudi nyumbani. Akapeleka mkono, akala tonge la kwanza kama anayemeza dawa. La tatu alilila haraka zaidi. Watu walianza kupigania achari.

Saa tatu walikuwa Malindi. Miti ikapitishwa, kamba zikakazwa, vitambaa vikawekwa mabegani.

"Mzigo una mwenyewe!" alipiga sauti Machano.

"Na mwenyewe anangoja!"

"Mwenyewe ana kiti!"

"Na kiti kinamchoma!"

Fremu ikanyanyuka. Uzito ulimshukia begani, ukapita mgongoni, ukateremka mpaka kwenye nyayo, na Machano akahisi kitu alichokisahau: mwili wake unaupokea. Walitoka mbio za hatua fupi fupi, fremu inayumba juu yao kama jahazi la harusi. Watoto walikimbia mbele wakisafisha njia. Wauza vitambaa waliingiza bidhaa ndani. Mgeni mmoja mwenye kamera alibanwa ukutani, akacheka, akapunga mkono.

Kwenye kona ya Kiponda wakasimama ghafla.

Kona ile Machano aliipita mara elfu. Lakini hoteli mpya ilikuwa imetundika mashine ya kiyoyozi ukutani, usawa wa bega, na ng'ambo ya pili baraza ya mawe iko pale pale tangu enzi za mababu. Aliyejenga mji alipima njia kwa mabega ya watu wenye mizigo. Aliyetundika mashine alipima kwa joto lake mwenyewe.

"Haipiti!" alipiga kelele Wakil. "Tushushe, ami!"

"Pa kushushia pako wapi? Mbele ngazi, nyuma mtaro. Ikikaa upande itapasuka."

"Basi turudi!"

"Fremu hairudi kinyumenyume." Machano alivuta pumzi. "Sikilizeni! Tunaitoa begani. Mikono juu, ipite juu ya ile mashine. Nyuma mzunguke taratibu, mbele tunashikilia. Wakil, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Kwa jina la Mungu. Juu!"

Fremu ilipanda. Mikono ya waliokuwa mbele ilinyooka, mishipa ikasimama. Nyuma wakaanza kuzunguka, inchi kwa inchi, na kwa muda ule mzigo karibu wote uliwaegemea wa mbele. Ili kona ikubali, Machano alilazimika kuupandisha mguu wa kulia kwenye ngazi na kusimama juu ya mguu huo mmoja. Alikisubiri kidole. Alikisubiri kama anayengoja jina lake liitwe mahakamani.

Kidole kilinyamaza.

Jasho lilimwingia machoni, na furaha ikampanda kooni, akashindwa kuizuia. Akaimba. Si ule wimbo wa asubuhi. Ulikuwa wimbo wa mahamali wa zamani, wa kushikilia mzigo usio na pa kukaa, na vijana walio nyuma yake hawakujua jibu lake. Aliimba mstari, akanyamaza. Hakuna aliyeitikia.

Kisha dirisha la ghorofa ya pili likafunguka, na sauti ya bibi kizee, nyembamba na yenye mikwaruzo, ikaitikia kwa ukamilifu, bila kukosa neno. Machano akaimba mstari wa pili. Bibi akaitikia tena. Mara ya tatu Wakil alikuwa ameshalishika jibu, na mara ya nne waliitikia kundi zima, kichochoro kizima kikitetemeka.

"Imepita!" alipiga kelele mtu wa nyuma. "Imepita, wallahi, haijagusa!"

Waliirudisha begani wakakimbia. Hakuna aliyewaambia wakimbie. Walifika Hurumzi wanaimba, watu wametoka milangoni wanapiga makofi, na Bi Mitali amesimama barazani amejifunika mdomo kwa ncha ya sari. Fundi, aliyewafuata nyuma kutoka Malindi, alizunguka fremu, akapapasa kiungo kimoja kimoja, akapiga magoti akatazama chini. Alipoinuka alitikisa kichwa kwa mshangao.

"Nzima," alisema.

Kundi lilijibwaga kivulini. Wengine walilala chali. Machano alibaki amesimama, anahema kwa utamu, anaangalia njia waliyotokea. Alivuta kitambaa begani, akakikung'uta vumbi.

"Mbao mbili bado ziko Malindi," alisema.

"Kesho, ami," alinong'ona mmoja kutoka chini. "Tuonee huruma."

"Kesho ni ya kesho." Alikuwa ameshaanza kutembea.

Wakil alijiinua polepole, akajishika kiuno, akamfuata. Wawili wengine wakanyanyuka, kisha wote. Kwenye kona ya kwanza Wakil alimfikia Machano, akapunguza mwendo, akabaki nyuma yake hatua moja.

"Toa sauti basi, ami," alisema. "Tunakwenda kimya kama wezi."