Refa Asiyesemezana na Nahodha

Saa tatu asubuhi, soko la Rakiraki. Vasiti Naqova, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, anapanga mafungu ya muhogo huku filimbi ikining'inia shingoni. Fungu moja ni dola tano. Ukiomba nyongeza, anaipuliza.

"Dada Vasiti, leo usituonee," anasema jamaa mmoja mnene wa Drauniba, kijiji cha watani wa kwao. "Tukifungwa, muhogo wako utaliwa na ng'ombe."

"Ng'ombe ana adabu kuliko timu yenu. Lipa upishe wengine."

Nchi hii ya Fiji, mtoto hajamaliza kujifunza kusali lakini tayari anakimbia na chupa ya plastiki kwapani akiita mpira, na mchungaji mwenye akili hufupisha mahubiri siku ya mechi. Raga ni ya wote. Ila filimbi, wilayani kwao, mwanamke anayeishika ni Vasiti peke yake.

Analipwa dola ishirini kwa mechi. "Nauli na soda," anasema. Anachokitaka hasa ni fainali ya mkoa, mwezi ujao. Hakuna mwanamke aliyewahi kuichezesha.

Kikwazo ni kaka yake.

Kijijini kwao Nasolevu, kaka na dada wakishakua hawasemezani, na mtoto wa baba mkubwa ni kaka kamili. Nahodha wa Nasolevu ni Eparama, mtoto wa baba yake mkubwa. Ana kifua kama mlango wa kanisa. Hawajabadilishana neno kwa miaka ishirini na saba. Nguruwe wa Eparama akiingia shambani, Vasiti humwambia mke wa Eparama, naye humwambia mumewe, naye labda humwambia nguruwe.

Mwezi uliopita Vasiti alichezesha mechi ya Nasolevu kwa mikono tu, kama bubu. Mkaguzi wa marefa, Bwana Inosi, akaandika kwamba refa hamwonyi nahodha kwa mdomo. Leo, Nasolevu wakicheza na Drauniba, anarudi kumkagua kwa mara ya mwisho. Vasiti akishindwa tena, fainali anapewa mwingine.

Kwa nini asipangiwe mechi nyingine? "Marefa tuko watatu wilaya nzima, na kila mmoja ana kwao," anasema. "Nikawaomba wazee wabadilishe nahodha. Wakaniuliza kama nimekunywa."

Saa tisa alasiri mpira unaanza. Mpaka dakika ya sitini Nasolevu wanaongoza kwa pointi mbili, na wazee wameshaanza kutabasamu. Ndipo Eparama anapomkaba mtu shingoni, wazi kabisa.

Filimbi inalia. Uwanja mzima unamgeukia Vasiti. Wanajua sasa lazima amsemeshe.

"Wifi, mwambie!" anapiga kelele Litiana, mke wa Eparama. "Mimi namwambia kila siku, hasikii!"

Vasiti anakwenda mpaka hatua mbili kutoka kwake. Eparama anageuka, anampa mgongo. Mgeni angedhani ni jeuri, lakini wenyeji wanajua ni heshima. Mgongoni ana namba nane kubwa, nyeupe. Vasiti anaisemesha hiyo.

"Namba nane. Wewe ndiye nahodha. Timu yako nimeionya mara mbili. Umekaba shingoni. Kadi ya njano, nje dakika kumi."

Kisha sauti nzito inatoka upande wa pili wa jezi.

"Namba nane amesikia, refa."

Anatoka. Katika dakika hizo kumi Drauniba wanafunga trai, pointi tano, na mechi inaisha Nasolevu wakiwa nyuma kwa pointi tatu, wametolewa mashindanoni. Wazee wanampita Vasiti bila salamu. Shangazi yake anasimama kidogo, kumwambia chai ya leo akanywe Drauniba.

Bwana Inosi anafunga daftari. "Kanuni inasema refa aseme na nahodha," anasema. "Haisemi aseme na upande gani wa nahodha. Fainali ni yako."

Litiana anakuja mbio na ujumbe wa mumewe. "Amesema kadi ilikuwa halali. Amesema pia umechelewa, alistahili kutoka tangu kipindi cha kwanza."

Vasiti anajifuta jasho, anafungua begi na kutoa karatasi yenye majina ya vijiji. Amekwisha kuulizia ukoo wa manahodha wote wanaoweza kufika fainali.

"Nasolevu wakishatoka, sina ndugu hata mmoja humo," anasema. "Hao nitawasemesha uso kwa uso, mpaka wenyewe wanigeuzie mgongo."