Mteremko wa Kizuka na Breki za Mfaransa

Kilichonikera kwanza ni kaptula. Mfaransa alifika kibandani kwangu, pale ninapotengeneza baiskeli karibu na soko la Rumonge, amevaa kaptula nyeusi iliyombana hadi sokoni wote wakajua alivyoumbwa. Nyuma yake mke wake, naye vilevile. Ilikuwa Ijumaa na wazee walikuwa wanatoka msikitini. Mmoja aliinua macho, akayashusha, akasema astaghafirullah, akavuka barabara. Mimi sikuwa na pa kuvukia, maana kibanda ni changu.

Walikuja na baiskeli mbili za mlimani, zile ambazo Wafaransa huziita vetete. Matairi manene yenye meno, springi mbele, springi chini ya kiti, na hakuna mahali pa kufunga hata kuku. Mfaransa alikuwa anatafuta mtu anayezijua njia za milima ya Kizuka. Nikamwambia, kwa Kifaransa changu cha shule, kwamba mtu huyo yupo na amezaliwa tumbo moja nami.

Kaka yangu mkubwa amebeba mawese kutoka Kizuka kwa zaidi ya miaka ishirini. Anaondoka alfajiri na bidoni tupu, yale madumu ya mafuta, anasukuma baiskeli kupanda, anajaza kwa wakamuaji wa mawese, anashuka na bidoni nne zimefungwa kwa mipira ya tairi. Breki hana. Wabeba mawese wote hawana; wana kandambili za tairi, na mguu mmoja unaokandamiza gurudumu la nyuma pale mteremko unapokuwa mkali. Wengine wamemwaga, wengine wamevunjika. Kaka hakuwahi kumwaga hata kibaba. Wakamuaji wa Kizuka walikuwa wakisema mawese yakipanda baiskeli ya kaka yamekwisha kufika. Hakuwa na shamba, hakuwa na elimu, alikuwa na jina hilo tu, na kwa jina hilo alitembea Rumonge kifua mbele.

Siku ile kaka aliposhuka na mzigo tulikaa watatu kwenye benchi langu, mke wa Mfaransa amesimama nyuma yetu, tukaangalia video katika simu. Ilikuwa njia ya kijijini kwao, mashambani huko Ufaransa. Msitu msafi, hakuna kuni iliyookotwa. Mishale ya rangi imepigwa kwenye miti: kijani kwa wanaojifunza, buluu kwa wanaojiweza, nyekundu kwa wakali, nyeusi kwa wasiopenda maisha. Halafu nikaona kitu kilichonifanya nimwangalie yule mtu usoni. Walikuwa wamejenga matuta. Watu wazima, Jumamosi, na majembe, wanachimba mashimo na kupanga mbao njiani ili njia iwe mbaya. Sisi mashimo tunayafukia kwa miguu yetu, mvua ikiyafukua tunayafukia tena, na wao wanayachimba kwa furaha.

Kaka aliangalia mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Uliza. Na muzigo wanawekaka wapi?"

Niliuliza. Mfaransa akacheka, akasema hakuna mzigo.

"Sasa kule juu wanaendaka kutafuta nini?"

Hilo sikulitafsiri.

Mpango wa Mfaransa ulikuwa kuweka njia ya namna hiyo kutoka Kizuka hadi karibu na ziwa, ili rafiki zake wa Bujumbura waje siku za mapumziko. Tulipanda naye siku tatu. Kaka anaonyesha, mimi natafsiri, Mfaransa anapiga mishale ya rangi nyekundu kwenye michikichi ya watu. Hakumuuliza mtu. Siku ya pili mwenye shamba mmoja alitushukia na panga. Kwetu mti ukipigwa rangi maana yake barabara inakuja na mti utakatwa, na yule bwana alijua kabisa kwamba ndiyo siku yake. Kaka alimtuliza nusu saa nzima, akamshika mkono, akamwapia. Mfaransa alikuwa pembeni ananyonya chakula kutoka kwenye pakiti kama mtoto wa maziwa. Mke wake alinipa pakiti moja. Ilikuwa na ladha ya dawa ya kikohozi iliyotiwa chumvi, ikanata kwenye meno, nikatema kwenye nyasi na kusukutua mdomo kwa maji ya chupa yote. Mfaransa pakiti yake aliiacha palepale njiani.

Basi nilikuwa nimewadharau, na niseme wazi kwamba dharau hiyo ndiyo iliyoleta mambo. Jioni ya siku ya tatu Mfaransa aliniachia baiskeli yake niioshe matope. Mke wake aliingia na yake chumbani, hakuiacha kwa mtu. Niliosha, nikageuza matairi juu, nikazungusha. Katikati ya kila gurudumu palikuwa na sahani nyembamba ya chuma yenye matundu, kavu kabisa, na ilipozunguka ilikwaruza kwa sauti ndogo ya kuudhi. Nikatikisa kichwa. Watu wana pesa ya springi mbili na hawajui kupaka mafuta.

Rumonge tunapaka mawese kila kitu. Mnyororo, bawaba ya mlango, kisigino kilichopasuka, mboga. Fundi aliyenifundisha kazi alipaka mawese, nami napaka mawese, na hakuna baiskeli iliyowahi kulalamika. Nilichovya kitambaa kwenye kopo, nikapaka mnyororo, nikapaka zile sahani pande zote mbili, kwa uangalifu, mpaka zikanyamaza. Nililala nikijiona fundi.

Sahani zile ndizo breki. Leo najua, mtoto yeyote mwenye simu anajua. Baiskeli zetu hazijawahi kuwa na kitu kama hicho, na mimi sikuuliza, kwa sababu mtu anayedharau haulizi.

Asubuhi tulipanda kwa pikapu hadi juu, baiskeli zimelala nyuma, kwa hiyo hakuna aliyebana breki. Mfaransa alitaka kujua wabeba mawese hupita wapi hasa pale mlima unapoanguka, akamwonyesha kaka kwa kidole vishikio viwili vya kuminya breki, akamwambia achukue vetete yake atangulie. Kaka alikunja suruali. Wakamuaji walitoka kwenye vibanda vyao kumwona mtu wao juu ya chombo cha kizungu. Aliinua mkono kidogo kuwasalimia, akaondoka.

Mwanzo ni tambarare, kati ya michikichi. Halafu unashuka. Niliona mgongo wake ukishuka, kisha nikauona unainuka juu ya kiti, kisha mguu wa kulia ukarudi nyuma kutafuta gurudumu kama ulivyozoea. Meno ya tairi lile yakaing'oa kandambili na kuirusha majanini. Kutoka chini alikuwa anapanda mwanamke na beseni la machikichi kichwani, njia nyembamba, ukingo huku na shimo huku. Kaka akachagua shimo.

Ni shimo la wakamuaji, wanamomwaga maji machafu ya mawese, maganda na mashapo ya miezi. Juu lina utando wa rangi ya kahawia unaopumua mapovu, na harufu yake hukaa kooni siku mbili. Kaka alitumbukia na baiskeli kichwa kwanza, akaibuka uchafu ukimfika kifuani. Tulipomvuta nje mfupa wa bega ulikuwa umevunjika, na ule uchafu ulikuwa unamtoka masikioni, puani, kwenye ndevu. Nzi walimfuata kabla hatujamlaza. Mimi nilitapika. Watu walidhani ni kwa sababu ya harufu.

Nilikuwa nimekwisha kuelewa. Nilipoona zile sahani zinatoka shimoni, nilielewa sauti ile ya kukwaruza ilikuwa ya nini. Mfaransa naye akazishika, akanusa vidole vyake, akaniangalia. Baiskeli nzima ilikuwa inachuruzika mafuta. Hata kanisa lingetumbukia mle lingetoka na mafuta.

"Jana ulipaka kitu chochote?" akaniuliza kwa Kifaransa.

"Maji tu," nikasema.

Akaamini. Akasema basi rafiki yetu ameshikwa na hofu, hakubana, hutokea kwa watu wasiozoea baiskeli nzuri. Akasema kwa upole, na kaka, amelala chini, ananitazama mimi mkalimani wake, akauliza huyo anasema nini.

Ningeweza kusema lolote. Hakuna mwingine pale aliyejua Kifaransa cha kutosha. Nikasema, mbele ya wakamuaji wote, "Anasema weye uliogopa."

"Mi niliminya," kaka akasema. "Niliminya zote mbili."

Akafumba macho. "Pengine niliminya vibaya," akasema.

Wafaransa waliondoka wiki hiyohiyo na njia yao ikafa. Bega la kaka lilipona baada ya miezi, ila jina halikupona. Sasa anashuka Kizuka kwa miguu. Bidoni zimefungwa mbili badala ya nne, yeye kando ya baiskeli, mikono yote kwenye usukani, hatua kwa hatua kama mtu anayeshusha jeneza. Vijana aliowafundisha wanampita wanapiga kengele. Wakamuaji humpa mzigo wa mwisho, akichelewa hakuna kinachoharibika. Akifika kibandani kwangu, jua limeshainama, ananiambia, "Mudogo wangu, angalia tena breki." Maana sasa ana breki, alinitaka nimfungie za waya, mbele na nyuma, na kila wiki nazikagua. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Waje waione yangu.

Juzi sikuweza tena. Alikuwa ameegemea benchi anakunywa maji, jasho linamtoka, na kijana mmoja alikuwa amepita tu akamwita bibi harusi kwa mwendo wake. Nikaweka spana chini.

"Kaka," nikasema, "ile ajali iko yangu. Nilipaka mawese ku breki za Muzungu. Zile sahani ndio breki, mi sikujua. Na pale nilikatala. Weye haukuogopa."

Nilimweleza yote, kitambaa, kopo, Mfaransa alivyonusa vidole. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilisubiri anipige, na wallahi nilitamani anipige. Akaniwekea mkono begani.

"Murakoze, asante mudogo wangu," akasema. "Minaona unanihurumia. Lakini usidanganye, usiseme bongo juu yangu. Mutu akiogopa, aliogopa."

Nilimwapia. Akatabasamu, kama unavyomtabasamia mgonjwa anayekwambia kesho atapona, akaenda zake na baiskeli yake.

Kesho yake baada ya swala ya alasiri tulikuwa tumekaa barazani mwa msikiti, wanaume kama kumi, wengi wao wazee. Kaka aliwaambia yeye mwenyewe, bila kuulizwa. "Munaona huyu? Jana alinifuata akasema kosa iko yake. Anataka kubeba aibu yangu, mi nitembee bila kusemwa." Wazee wakanigeukia. Mmoja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akamwomba Mungu ampe kila mtu ndugu kama mimi, na wote wakasubiri nijibu.

Nikasema amina.